Baada ya Oaxaca

Harufu ya krimu ya jua, ile nyeupe inayonukia nazi na dawa kwa pamoja, mpaka leo inanifanya nigeuze uso. Wengine wakiinusa wanawaza bahari na aiskrimu. Mimi nasikia kiti kikivutwa sakafuni na sauti ya Fernand ikiuliza, "Baada ya Oaxaca munaenda wapi?"

Wiki iliyopita harufu hiyo ilinifuata mpaka saluni. Mteja wangu, binti Mkenya anayesoma hapa Berea, Durban, alikaa kwenye kiti changu nimsuke rasta za safari. Alitoa chupa kwenye mkoba akajipaka mkononi kuijaribu, huku anaongea na wenzake kwa simu iliyofunguliwa sauti. Wanaenda Mexico kwa likizo. Wala si likizo ya kulala hotelini; watazunguka mji kwa mji, hapa baiskeli, pale kupanda volkano, kule kuogelea kwenye mashimo ya maji baridi. Walikuwa wanabishana kwa raha: mji gani ukatwe, nani ana magoti mabovu. Mimi vidole vilikuwa vimesimama kwenye nywele zake. Miji ile nilikuwa naijua. Niliishika kichwani nikiwa na miaka kumi na miwili, kabla sijajua vizuri mitaa ya Durban.

"Auntie, uko sawa?"

"Niko sawa, dada. Inamisha kichwa."

Pale konani mama yangu alikuwa kwenye kiti chake, anachambua nywele za kusukia, kama kila siku. Hakuinua macho.

Nitawaeleza, ila mnivumilie. Shule niliiacha mapema, na hata hilo lina wenyewe. Nitawataja.

Tulikuwa wanne: baba yangu Bosco, mama, mimi Espérance mnayeniita Espe, na mdogo wangu Pascal. Tulikaa chumba kimoja huku chini mjini, tumegawana na familia nyingine kwa pazia. Baba alikuwa analinda magari ya watu pembeni ya bahari. Mama alikuwa anauza karanga na pipi kwenye barabara, mpaka siku wanaume walipoipindua meza yake na kumwambia arudi alikotoka. Pipi zikatawanyika mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, na magari yakazikanyaga. Jioni ile baba alisema, "Hapa pia si pa kukaa." Na Fernand akaingia kwenye maisha yetu kwa mlango huo.

Fernand alikuwa mtu wa kwetu, wa Uvira tulikokimbia vita, anakaa mtaa wa Cato Manor na dada yake Clarisse. Alivaa viatu vyenye ncha, na kazi yake, alisema, ilikuwa kupanga safari. Amerika haitupi visa sisi, akaeleza, lakini Mexico inapenda watalii, na kule mwisho iko mji unaitwa Tijuana, umelalia ukuta wa Amerika kama mtoto mgongoni. Kwa hiyo ilibidi tuwe watalii.

"Na si baturisti ya kukaa," akasema. "Mutu anatoka mbali vile na watoto, na hana kitu ya kufanya kule? Watamushuku. Nyinyi ni familia ya mazoezi. Munapenda milima."

Mama akacheka, ndiyo mara ya mwisho nakumbuka anamcheka Fernand usoni. "Milima? Tulipanda milima ya Fizi na mizigo kichwani, vita nyuma yetu. Hakuna mwenye alituita baturisti."

Basi tukaanza. Jumapili, watu wakitoka kanisani, sisi tulishuka baharini na baiskeli ya kuazima, maana safari yetu ilisema Mexico City tutaendesha baiskeli. Baba alivaa kaptula. Nyinyi hamkumjua baba: suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi unaoweza kukata mkate. Siku ya kwanza alitembea kwa kaptula akiwa ameshika magazeti mbele ya magoti. Kwetu mtu akisafiri anavaa suti, anavaa na tai, hata kama gari ni lori la chumvi. Fernand alizitoa suti kwenye sanduku. Akatoa na unga wa muhogo na dagaa ambavyo mama alikuwa amevificha katikati ya mataulo. "Mutalii anabeba dagaa?" Akamvua mama kitenge, si kwa mkono, kwa maneno, na mama akavaa suruali ya kubana, anaivuta chini kila hatua kama inaweza kurefuka. Mwisho akatupaka ile krimu. "Polisi ya kiwanja cha ndege iko na pua. Munuke likizo." Sisi, weusi hivi, tukang'aa kama samaki.

Niseme ukweli: nilifurahi. Baba hakuwahi kucheza na sisi. Sasa alikuwa anakimbia nyuma ya baiskeli, ameshika kiti, anapiga kelele, "Usiangalie chini, Espe! Angalia mbele!" Upepo, chumvi, nazi ya ile krimu. Mtoto hajui kutenganisha mazoezi ya furaha na furaha yenyewe.

Lakini Jumamosi ilikuwa kitu kingine. Jumamosi tulipanda kwa Fernand Cato Manor, mapazia yanafungwa mchana kweupe, naye anavaa kofia ya ulinzi na kukaa nyuma ya meza. Huyo sasa si Fernand, ni ofisa wa uwanja wa ndege. Anagonga meza kwa kijiko. Munaenda wapi? Mutafanya nini Puebla? Kwa nini mutoto anaangalia baba yake kabla ya kujibu? Ukikosea, mnatoka nje wote na kuingia upya. Ukijibu bila kucheka, unatoka tena. "Mwenye kwenda likizo anaonyesha meno!" Mama macho hayakumtoka kwenye ile kofia, kwa sababu njiani kutoka Uvira alishaulizwa maswali na watu wenye kofia, na aliona wenye kujibu vibaya walifanywa nini. Hata hivyo alijibu. Polepole, lakini alijibu.

Halafu Fernand akaja kwetu siku moja, hakukaa hata vizuri. Pasipoti zilikuwa zimetoka tatu, yangu haimo.

"Espe iko mukubwa," akasema. "Atabaki kwangu, atanisaidia kazi ya nyumba. Nyuma yake atawafuata." Akanishika mkono juu ya kiwiko, akaubinya, akaugeuza, kama mama anavyogeuza kuku sokoni kabla ya kumchukua. "Iko na nguvu, huyu."

Baba alisema, "Ni kwa muda kidogo tu, Espe." Aliyasema akiangalia dirisha.

Mimi nililia, lakini pia nilijivuna kidogo. Kuitwa mwenye nguvu mbele ya watu! Mama alikuwa anammiminia Fernand chai. Chai ilijaa, ikapita mdomo wa kikombe, ikashuka mezani mpaka kwenye viatu vyake vya ncha, na mama bado anamimina.

Jumamosi iliyofuata ndiyo ilikuwa ya mwisho. Fernand alitaka kutuona wote, hata mimi wa kubaki. Clarisse alisimama mlangoni na sahani ya maandazi. Baba alijibu vizuri, na meno nje. Pascal, aliyekuwa na miaka sita, alipiga kelele, "Nitaogelea na baba!" na Fernand akampa andazi. Ikafika kwa mama.

"Baada ya Oaxaca munaenda wapi?"

Bomba la jikoni lilikuwa linadondosha maji, tone, tone.

"Pinetown," akasema. Pinetown ni hapa nje ya Durban tu, mtu anafika kwa teksi.

Clarisse alicheka mpaka akashika mlango. Hata baba alicheka kidogo. Kijiko kikagonga tena.

"Mama Espe. Baada ya Oaxaca."

"Pinetown."

Hakuna aliyecheka. Nilimvuta nguo chini ya meza, nikamnong'oneza, "Guadalajara, mama! Guadalajara!" Akanikanyaga mguu, kwa nguvu, mpaka machozi yakanitoka. Nilidhani ni kwa bahati mbaya, hofu imemchanganya. Fernand akauliza mara ya tatu, amesimama sasa, kofia imekaa upande, na mama akatoa jibu lilelile, macho ameyaweka kwenye meza.

"Huyu mwanamuke ataangusha sisi wote!"

"Kichwa yangu haishiki, kaka Fernand. Nisamehe. Haishiki."

Baba hakumpiga. Alimwangalia tu, vile alivyokuwa anaangalia gari la mteja lililogongwa akiwa zamu. Ndipo Clarisse akasema palepale mlangoni, bila kuulizwa, "Mimi naijua. Guadalajara. Halafu Tijuana, kuangalia nyangumi." Na akacheka kile kicheko cha watalii, meno yote. Fernand akamwangalia dada yake, akamwangalia baba. Maandazi hayajapoa, ilikuwa imekwisha: picha ya Clarisse itaingia mahali pa picha ya mama kwenye pasipoti.

Siku waliyoondoka mama alimpaka Pascal krimu mwenyewe. Alimpaka uso, akampaka masikio, nyuma ya masikio, shingo, kila kidole peke yake, akamaliza akaanza tena, mpaka Clarisse akasema gari linangoja. Mimi nilisimama pembeni nimekunja mikono. Niliwaza: mji mmoja tu. Mtu mzima anashindwa kushika jina la mji mmoja, na sasa nani ataniita niwafuate?

Walipiga simu kutoka Mexico, halafu kutoka Amerika. Halafu simu zikawa za Krismasi tu, na anayepokea ni Clarisse. Halafu tukaambiwa Pascal amepata mdogo wake. Fernand alikuja tena mara moja kunichukua, ati mupango ni mupango. Mama alisimama mlangoni na mchi wa kutwangia sombe, yale majani ya muhogo, na Fernand akashuka ngazi akijifanya anatafuta simu mfukoni. Mimi nikaacha shule nikasuke na mama, maana mikono miwili haikutosha kulipia chumba. Na kila tulipogombana nilimtupia lilelile: "Kichwa yako, mama! Mji mmoja!" Yeye aliendelea kusuka.

Fernand, Clarisse, na wewe Bosco uliyenizaa: nimewataja hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuwataja. Hakuna polisi wa jambo kama hili.

Sasa turudi saluni. Yule binti alikuwa anahesabu vituo vyao kwenye vidole. "Mexico City, Puebla, Oaxaca... baada ya Oaxaca ni, aki, hiyo jina imenitoka."

"Sisi ilikuwa Guadalajara," mama akasema.

Alisema akiendelea kuchambua nywele. "Mexico City, baiskeli. Puebla, kupanda mulima ya moto, lakini si mupaka juu, sababu ya mutoto. Oaxaca, kutembea kwa miguu, kijiji na kijiji. Guadalajara, farasi. Halafu Tijuana, kuangalia nyangumi." Na akainua uso akaonyesha meno, yale machache yaliyobaki, kicheko kilekile cha mbele ya kofia.

"Wow, Mama! Uliwahi kwenda?"

"Hapana, mwanangu. Ni mume wangu ndiye alienda. Na kijana wangu."

Nilihisi ule mguu wake juu ya mguu wangu, chini ya meza ya Cato Manor. Aliijua miji yote. Aliijua siku ile na amekaa nayo miaka hii yote, haina pa kwenda. Mtoto mmoja alikuwa na baba wa kumshika mkono. Mwingine angebaki na Fernand. Alipiga hesabu hiyo chai ikimwagika, na nusu yake, Pascal, aliipaka krimu akaiacha iondoke. Angekataa waziwazi, wangemlazimisha. Mjinga hakuna anayemlazimisha.

"Mama," nikasema. "Ulikuwa unaijua?"

Alinyoosha fungu la nywele, akalipiga pajani, akanipa.

"Legeza mukono, Espe. Unamuvuta mutoto wa watu."