Timu Yangu ya Wataalamu Watano

Hapa Barquisimeto mimi huchora meno ya bandia kwa kompyuta na kuyauza kwenye soko la kazi za mtandaoni. Miezi minne ya mwanzo sikupata hata mteja mmoja. Nikajiaminisha kwamba kosa langu ni unyenyekevu, nikaandika kwenye tangazo langu: "Timu ya wataalamu watano, meno ya kila aina." Timu yenyewe ilikuwa mimi Eudomar na kiti kinachoyumba.

Wiki ileile daktari wa meno wa Montevideo, Bi. Lagomarsino, akaniandikia. Baadhi ya michoro yangu aliipenda, ila kabla ya kunipa kazi alitaka kuiona timu kwa video.

Mwenye akili angekiri. Mimi nilikimbilia buchani kuazima makoti meupe. Nikawavisha mke wangu Yuraima, majirani wawili, na mama mkwe wangu Hercilia, ambaye aliuliza kama sasa nauza nyama. Nikawasihi wasiseme neno, watikise vichwa tu.

Dakika tatu hivi mambo yalikwenda vizuri. Kisha daktari akaonyesha gego nililolichora, akauliza ni nani kati yetu hukagua kazi. Sijafungua mdomo, mama mkwe akasogea mbele.

"Mimi sikagui kitu, mwanangu, mimi ni mkwewe tu. Lakini hilo jino vinundu vyake vya juu virefu mno. Nina meno ya bandia mwaka wa ishirini huu. Hilo litamgonga mtu kila akitafuna mkate wa arepa."

Nilijifanya mtandao umekatika, nikaganda na mdomo wazi. Pazia nyuma yangu liliendelea kupepea. Daktari alilikuza lile gego, akaligeuza huku na huku.

"Mama anasema kweli," akasema. "Na wewe, Eudomar, acha kuganda. Mko wangapi hasa?"

"Mmoja, daktari."

"Basi andika mmoja. Na hayo meno ya mbele kwenye tangazo lako achana nayo, yanatisha. Magego unayaweza, ukipunguza vinundu."

Nikaandika hivyo: mtu mmoja, magego tu. Jumatatu akanitumia kazi ya kwanza, na madaktari wenzake wakafuata. Hercilia hukagua kila mchoro kabla haujaondoka. Wiki iliyopita alinirudishia mara tatu, na mara zote tatu, kwa bahati mbaya, alikuwa sahihi.