Omeleti ya Mgeni

Bagira nzima, huku pembezoni mwa Bukavu, ilijua kwamba Colombe si mtu wa kukataa sahani. Alizunguka nyumba hadi nyumba na mizani yake begani, akiwapima watoto wa utafiti, na kila mlango ulikuwa na kitu cha kumwonjesha. Mumewe alimtania kwamba katika utafiti wote ule aliyenenepa ni mpimaji.

Wataalamu walitaka kujua kama yai la kila siku humkuza mtoto, wakagawa kuku. Kwa Mireille, mama kijana wa kule chini mteremkoni, kuku walitaga vizuri kabisa. Ila bintiye Larissa, wa mwaka mmoja na nusu, hakuongezeka hata kidogo. Nywele zilipauka, miguu ikabaki myembamba, na sasa ilisemwa asipoongezeka atalazwa hospitali. Colombe alimpenda mtoto yule, tena sana. Kila Alhamisi alimtundika kwenye mizani akimwomba Mungu kimoyomoyo, kisha akauliza, "Mayayi iko?"

"Iko, maman," Mireille alijibu, akaingia jikoni kumletea omeleti nene yenye vitunguu.

Juma moja mvua iliharibu njia, Colombe akafika Jumamosi, saa ya chakula. Larissa alikuwa anakula bugali kwa mchuzi wa sombe, yale majani ya muhogo. Kando yake, ndani ya kikapu, mayai yalipangwa chini ya kitambaa safi.

"Juu ya nini haumupatiake mutoto hii mayayi?" Colombe akauliza.

"Hii?" Mireille akashangaa. "Hii iko ya wageni. Minakutunziaka weye, na padri akipita. Mutoto iko na chakula yake."

Colombe akazikumbuka omeleti zote alizokula. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemwavyo. Hapa mgeni alikuwa akipona peke yake! Machozi yakamlenga. Lakini angekataaje? Mireille alikuwa akimpa kilicho bora kuliko vyote alivyo navyo. Tena huku kwetu ukisukuma sahani ya mtu, umemwambia unaogopa sumu yake, na mlango wake usitegemee kuuona wazi tena.

"Basi, pika," akasema. Sahani ilipofika akampakata Larissa. "Miye siwezi kula peke yangu. Kwetu mugeni anakulaka na mutoto ya nyumba."

Uongo mtupu, ila sahani ya mgeni ni ya mgeni. Akamlisha mtoto tonge kwa tonge hadi ikaisha, Colombe mwenyewe akaramba vidole tu. "Na kesho nakuya tena."

Akaja kesho, na kesho kutwa, na siku zilizofuata. Mwingine angempa jembe siku ya tatu. Mireille alikaanga tu. Mizani ikaanza kusogea.

Kisha malaria ikamwangusha Colombe. Kitandani hakuwaza homa, aliwaza kile kikapu kinachojaa. Alipopata nguvu aliteremka mbio, moyo mzito, akamkuta Mireille mlangoni na Larissa mapajani, midomo ya mtoto iking'aa mafuta. Kikapu kilikuwa kitupu.

"Tulikungojea, maman," Mireille akasema kwa aibu. "Mutoto akalia, akaonyesha kikapu. Nikamwambia, basi, leo mugeni iko weye."

Siku hiyo Colombe hakuletewa sahani. Aliketi palepale mlangoni, akalia kwa furaha, akaomba maji ya kunywa.