Bwana Elimu wa Kucha

Kila kijiji cha ujamaa alikotumwa kufundisha watu wazima kupima jambo kabla ya kuliamini, bwana elimu alianza vilevile. Alitoa wembe, akakata kucha zake taratibu na kuzipanga mezani. "Mchawi achukue," alisema, kama anayekaribisha wageni chai. Watu walicheka kwa woga, na mkono haukunyooshwa hata mmoja.

Katika kijiji kimoja karibu na Mollo watu hawakucheka. Radi ilikuwa imeua maksai wa kijiji, na mjane Klementina, aliyesingiziwa kuituma, alikuwa amekalia furushi lake akisubiri kufukuzwa. "Kucha tupu hazirogi, bwana elimu," alisema mzee Leonsi. "Dawa haishiki bila jina la mama. Au msomi hana mama?" Jina hilo bwana elimu hakuwahi kulitaja ugenini; mama yake alimkataza tangu utotoni, naye alikuwa hajapata sababu ya kisayansi ya kumkaidi. Akakohoa.

"Mimi ni mwana wa Sisilia, wa Mazwi," akasema, mpaka wa nyuma wakasikia. "Haya, mzee wangu, mwenye uwezo aniroge. Mpaka nitakapokufa, Klementina haondoki."