Jicho la Shemeji Nimelichoma Mimi

Jamani, nimekosa! Sitafuti huruma ya mtu. Nataka tu kulitoa hili moyoni kabla halijaniua.

Mimi ni fundi wa vyuma hapa Namuwongo. Karakana yetu ilipata mashine ya leza ya kuchomelea, tukaringa mtaa mzima. Inaunga chuma safi kabisa, huna haja hata ya kupiga msasa. Ila mwanga wake hauonekani kwa macho, na hapo ndipo ubaya ulipo.

Mashine ile ina kibano. Unakibana kwenye chuma unachochomelea, na mkono wa leza, ule unaoushika kuchomelea, usipogusa chuma hicho, hauwaki. Ni kinga. Lakini mimi na haraka zangu! Niliona kinanichelewesha, nikakibana kwenye mdomo wa mkono wenyewe. Ikawa inawaka popote, hata hewani. Wenzangu wakaniita mjanja, wakaiga.

Juma, kaka wa mke wangu, ndiye aliyekuwa akinishikia mabati ya stenlesi, yale yanayong'aa kama kioo. Miwani ya kinga ilikuwa moja tu. Niliivaa mimi.

Siku moja mkono wa leza uliniteleza, kidole bado kimebonyeza, mwanga ukadunda kwenye bati ukamwingia Juma jichoni. Juma hakupiga kelele. Alipepesa macho tu.

"Shemeji, mbona mimi naona doa? Kila pahali naangalia, doa iko."

"Banange, jamani, hiyo ni vumbi. Enda nawa maji."

Nilijua! Wallahi nilijua.

Hospitalini daktari akamuuliza alikuwa akitazama nini. Juma akanigeukia mimi. Nikasema labda ni jua. Jicho la kulia limekufa katikati. Akikutazama nalo anaona masikio yako, uso haupo.

Mke wangu anamwombea kaka yake kila swala, nami naitikia amina. Mnafiki mkubwa mimi!

Ndugu mafundi, mkikuta kibano kimebanwa kwenye mdomo wa mkono, zimeni umeme kwanza, mgombane baadaye. Na ukimuumiza mtu, sema siku hiyo hiyo. Ukilala nalo, asubuhi ulimi ni mzito zaidi.

Juma ana watoto wa kulisha, anarudi kazini kesho. Ameshanipigia simu, anacheka.

"Shemeji, mimi nakuja kukushikia bati na hii jicho imebaki."

Nikamwambia karibu.