Biskuti za Ndizi na Tende

Mke wa fundi saa huponda kwa uma ndizi zilizoiva hadi kuwa nyeusi, huchanganya na tende na unga, bila chembe ya sukari, maana kisukari kilishaondoka na mguu mmoja wa mumewe. Kila biskuti huibonyeza kwa kidole gumba, taratibu, kama anayempima mtoto homa. Mumewe hula akikunja uso, naye hujifanya haoni. Leo, hospitalini, daktari alimvuta kando. “Mama, kuanzia sasa mpe chochote anachotamani.” Alielewa, akasema asante. Walipofika nyumbani, mumewe aliomba keki ya dukani, ile yenye sukari juu. “Hiyo itakuua, baba watoto!” alimkemea kwa sauti ileile ya siku zote, akawasha oveni na kuanza kuponda ndizi.