Kitabu Kilichovikwa Nguo Tisini

Kwa miaka arobaini na moja Mzee Dimbeswar Hazarika alifagia nyumba ya sala ya kijiji chao, kando ya mto Brahmaputra. Mle ndani hamna sanamu. Juu ya kiti cha enzi kipo kitabu tu, kilichoandikwa kwenye magome ya mti na babu wa babu zake, na watu hukisujudia hicho. Kila mwaka hukivika gamosa mpya, kitambaa cheupe chenye pindo jekundu, juu ya zile za zamani. Kuivua moja ni kumvua Mungu nguo, nani athubutu? Kitabu kikavimba kama tumbo la mwenye safura.

Mwandiko wa kale wa kitabu hicho alibaki kuujua yeye peke yake. Baba yake alimfundisha mchangani, kwa fimbo. Sasa macho yalishaanza kuingia ukungu, naye alitaka jambo moja tu: kukinakili kitabu kabla hajapofuka.

"Nifungulieni siku tatu tu," alimsihi Lokhyadhar, mwenyekiti wa kamati, muuza mbolea ambaye chozi la ibada humtoka upesi kuliko jasho.

"Mzee, kazi yako ufagio. Kitabu hakisomwi, kinaheshimiwa."

"Sasa kiliandikwa cha nini, kaka? Kivalishwe nguo?"

Masika yale paa likavuja, vitambaa vikalowa chapachapa. Mwenyekiti akakubali vibadilishwe, milango imefungwa, wao wawili tu. Walivua nguo tisini. Kila moja ilinuka kuliko iliyotangulia. Katikati hapakuwa na ukurasa hata mmoja. Palikuwa na uji wa magome yaliyotafunwa, mavi, na vitoto vya panya, vyekundu, havina manyoya, vinajinyonganyonga.

Dimbeswar alitapika. Alipojifuta mdomo akaona kwenye uchafu ule maganda ya choroko na vipande vya nazi. Ni sadaka aliyoisukumiza yeye mwenyewe chini ya vile vitambaa kila jioni. Miaka yote alikuwa akiwalisha panya kwa mikono yake, tena akiwaimbia. Alijichukia.

"Funga," alisema mwenyekiti.

"Kaka, humu ni mavi matupu!"

"Mavi yakivaa gamosa nani atajua? Funga, mzee, usituvunjie kijiji."

Akafunga. Hapo ndipo mtu anapotamani kutema mate: alikaza fundo vizuri, kwa mazoea.

Asubuhi yake akaja Someswari, mjane, amembeba mwanawe aliyeanza kudhoofika tangu mwaka juzi.

"Babu, wewe ndiye unayejua kusoma, na jana mlikifungua. Leo nisomee mstari mmoja tu. Mmoja, babu yangu."

Mwenyekiti, aliyekuwa kando na tasbihi yake, akakohoa.

Dimbeswar akalitazama lile furushi. Harufu ilikuwa bado puani. Akafumba macho, na maneno yakamjia laini, bila kusita: "Mtoto wa maskini ni taa mkononi mwa Krishna, upepo hauizimi."

Someswari akaangua kilio cha furaha, akajitupa chini kumshika miguu. Mzee akahisi matapishi yanampanda tena, akayameza.

Mchana walikuja watu kumi na mmoja, kila mmoja na shida yake. Mwenyekiti akamletea kigoda, naye akakaa, akawasomea wote.