Mwalimu Juu ya Kiti cha Kilio

Mwalimu wa Kiingereza wa mtaa wa Kasungami ana vidole virefu, na chaki haitoki kwenye kucha zake hata Jumapili. Huamini kwamba vitenzi vya Kiingereza hueleweka kwa mwili: kale kaneno ka mwishoni, kama «up» au «out», kakisema juu, yeye hupanda, kakisema nje, hutoka mlangoni, kisha hurudi kuendelea na somo.

Ndivyo alivyomtafsiria padri mgeni kutoka Ndola, asiyejua Kiswahili, kwenye kilio cha Stanislas. Mjane, mama Hortense, alikaa mkekani. Tangu mazishi alikuwa amekataa chakula, na binti zake walianza kumhofia. Padri akasema marehemu «passed away», yaani amefariki. Mwalimu akatoka hadi barabarani, akapunga mkono wa kwaheri, akarudi akitweta. Padri akamgeukia mjane: «Don't give up!»

“Usikate tamaa!” mwalimu akatafsiri, akapanda kiti cha plastiki, mikono mbinguni, kichwa kikitikisika kukataa. Kiti kikapinda.

“Prof, shuka!” mama Hortense akapiga kelele. “Ukianguka, sanduku ingine ya kukuzika tutapata wapi?”

Mwalimu akashuka kwa adabu, kidole kikionyesha chini. Mabega ya mjane yakaanza kutikisika kwa kicheko. Alipomaliza, alifanya ishara ya msalaba, akaomba bukari, ugali wake wa kwanza tangu mazishi.